Kidole cha Baba, Mdomo wa Mama

Mwalimu wetu wa matembezi hakujua kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu najua watu wengi hapa Kasongo wanaomkumbuka watabisha. Watasema: yule aliyevusha watoto vijito vya mto Luama mwaka hata mwaka? Yule mwenye kamba na fimbo ya alama tatu? Ndiyo, yule yule. Nilimwona kwa macho yangu siku mtumbwi wa mvuvi wa Nyangwe ulipoyumba kidogo tu karibu na ukingo. Alishika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, midomo ikamkauka, akaanza kumwomba Bikira Maria kwa Kifaransa. Alitoka upande wa Wamaza, nchi ya vilima na mashamba, ambako mtoto huogeshwa kwa kibuyu. Maji mengi aliyajua kwa kuyaogopa, na kwa kuwa aliyaogopa alitufundisha na sisi kuyaogopa vizuri, kwa utaratibu. Hilo nampa. Mengine sitampa.

Alikuwa moniteri wa shule ya misheni, mwalimu wa hesabu na dini. Kila kiangazi, shule ikifungwa, padri alimkabidhi kikundi cha vijana wenye fulari, vitambaa vya kijani, shingoni, naye akatupeleka matembezi: siku nne au tano porini, kulala kwenye vibanda vya majani, kupika wenyewe, kujifunza vifundo na nyayo za wanyama. Wabelgiji walilipenda sana jambo hilo. Walisema linajenga mwili na roho. Wazazi wetu, ambao walikuwa porini siku zote kwa sababu shamba la pamba ya lazima lilikuwa mbali, hawakuelewa kwa nini mtoto apelekwe porini kujifunza pori.

"Munaenda kutafuta nini kule?" baba aliniuliza mara ya kwanza.

"Tunaenda kutembea."

"Kutembea kufika wapi?"

"Kutembea tu, kisha kurudi."

Baba alicheka mpaka akakohoa.

Filimbi ya Mwalimu ilikuwa ya bati, imefungwa kwa uzi mweusi shingoni, na hata kanisani hakuivua. Mlio mmoja: simama ulipo. Miwili: shika mkono wa mwenzako. Mitatu: taja namba yako. Kila mtoto alikuwa na namba, na kila mtoto alikuwa na mwenzi wa mkono. Huyo ndiye uliyelala naye, uliyekula naye, uliyekwenda naye kichakani hata kama tumbo lililokukoroga lilikuwa lako peke yako. Mimi nilikuwa namba kumi na tano. Kaka yangu Kalonda, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa kumi na nne. Mkono wangu ulikuwa wake.

"Aliyehesabiwa hapotei," Mwalimu alipenda kusema, huku akitupitisha mmoja mmoja kwa kidole. Alihesabu tulipoondoka, tulipofika, kabla ya kula na baada ya kula. Padri mmoja alimtania kwamba hata mbinguni atasimama mlangoni ahesabu watakatifu. Mwalimu hakucheka. Alijibu kwamba mlangoni ndipo watu hupotea.

Na ile fimbo. Ilikuwa ya mti mgumu, imechongwa alama tatu: goti, kiuno, kifua. Kabla hatujavuka kijito chochote aliishusha majini kwanza, akiinama ukingoni na kaptura yake ya kaki iliyopigwa pasi. Maji yakifika alama ya kwanza, tulipita. Yakifika ya pili, kamba ilifungwa kutoka mti hadi mti, tukapita wawili wawili. Yakifika ya tatu, tuligeuka, hata kama ng'ambo ya pili padri alikuwa anatungoja na mikate. Chini ya alama ya kwanza hakukuwa na sheria yoyote. Maji ya goti, kwa Mwalimu, hayakuwa mto. Yalikuwa njia iliyolowa.

Mahali pa kulala alipachagua kwa saa nzima. Juu kwanza, chini baadaye, ndivyo alivyosema: kwanza matawi makavu na nyuki, ndipo siafu na nyoka. Kuna siku tulikuwa tumeshatua mizigo, moto umeshawaka, sombe ya majani ya muhogo imeshaanza kunukia, akaona nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu la mti. Akatuhamisha. Tulibeba sufuria za moto kwa majani, tukinung'unika, na mmoja wetu akasema kwa sauti kwamba Mwalimu ana roho mbaya.

"Muzuri," akajibu. "Munichukie mukiwa wazima."

Hakuwa na roho mbaya, na hapo ndipo ugumu wangu ulipo. Jioni alituketisha kwenye gogo akatukagua miguu. Mtu mzima yule, aliyevaa viatu vya ngozi na kusoma barua za padri, alipiga magoti mbele ya mtoto wa mkulima wa pamba, akaweka mguu wenye vumbi juu ya paja lake, akatoa funza kwa pini kwa upole ambao hata mama zetu hawakuwa na wakati nao. Hakula kabla yetu. Alichokula ni kile kilichoganda chini ya sufuria, na alidai ndicho akipendacho. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ni kweli.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiyo ndiyo methali aliyotuandikia ubaoni, na tuliinakili mara nyingi kuliko Baba Yetu. Hakuna aliyetufundisha methali ya mkuu asiyesikia.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Hakuna mtoto aliyekwenda matembezi bila karatasi ya ruhusa. Ilipigwa kwa mashine ofisini kwa padri, kwa Kifaransa, nusu ukurasa: kwamba mzazi anakubali mtoto wake aende, anazijua hatari za safari, na hatailaumu misheni wala mwalimu. Chini palikuwa na nafasi ya kidole gumba. Mwaka mmoja mtoto wa kapita, msimamizi wa kazi za pamba kijijini, alikuja na mzigo wake mzuri kuliko yetu sote, na blanketi jipya, lakini hana karatasi, kwa kuwa baba yake alisema kapita hatii kidole kama mkulima. Mwalimu alimrudisha. Kapita akaja mwenyewe, amefura, akatishia. Mwalimu alisimama mlangoni, filimbi mkononi, akasema bila kupandisha sauti kwamba asiye na karatasi haendi. Kijiji kizima kilimsifu siku ile. Mtu asiyeogopa kapita! Sisi hatukujua bado kwamba alichokiogopa kilikuwa kikubwa kuliko kapita.

Alitusimulia mwenyewe mchana mmoja wa mvua isiyo ya msimu, tumebanana kibandani tukisubiri ianuke. Alipoanza kazi, alipeleka watoto matembezi kwa neno la mdomo tu. Mtoto mmoja akaanguka mtini akavunjika mkono. Baba yake, kwa kuogopa ndugu wa mke, akakana kwamba aliruhusu. Mwalimu akalala jela siku kadhaa na akapigwa fimbo mbele ya wanafunzi wake mwenyewe.

"Maneno ya mudomo ni moshi," alituambia. "Karatasi haikani."

Tulimhurumia sana. Mimi nilikuwa mdogo, sikuuliza swali ambalo ningeuliza leo: kama mkono uliovunjika ni wa mtoto, kwa nini dawa akapewa mwalimu? Karatasi ile haikuzuia mtoto yeyote kuanguka mtini. Ilimzuia Mwalimu kurudi jela.

Na jinsi vidole vilivyokusanywa! Kwenda nyumba kwa nyumba ilikuwa kazi, basi Mwalimu alichagua siku ya kupima pamba, siku wanaume wote wako mstarini na wino upo tayari mezani. Wanaume wale walikuwa wametia kidole kwa kodi, kwa pamba, kwa sindano ya malale, kwa kazi ya barabara. Baba alifika mezani, kalani wa kuandika akamvuta gumba, akaligandamiza hapa, akaligandamiza pale, kisha Mwalimu naye akasogeza karatasi yake. "Ya watoto," akasema. "Muzazi anakubali." Baba akatia kidole. Alirudi nyumbani na gumba jeusi, akalifuta kwenye majani, akasema wanaume wa siku hizi wamekuwa gumba tu.

Lakini kwetu kuna namna nyingine ya kutoa mtoto, na Mwalimu aliijua, kwa kuwa huko Wamaza iko pia. Mtoto akienda kwa watu, hata kwa shangazi kijiji cha pili, mama humpeleka mpaka kwa anayempokea. Humshika mtoto mkono, na kabla hajauachia husema kila kitu cha mwili wake. Huyu hali samaki asiye na magamba. Huyu hukojoa akisikia baridi. Huyu sikio la kushoto halisikii. Husema polepole, karibu na sikio, kwa sababu mambo mengine ni ya aibu na si ya kutangaza uwanjani. Anayepokea hurudia yote, neno kwa neno. Akisahau moja, mama huanza upya. Akimaliza, mama huuliza, "Umesikia?" Naye hujibu, "Nimesikia." Hapo ndipo mkono wa mtoto hutoka kiganja kimoja kuingia kingine. Aliyesema nimesikia hawezi tena kusema hakujua. Baba ndiye mwenye kutoa mtoto, lakini mama ndiye mwenye habari zake, na kumpokea mtoto bila habari zake ni wizi. Hata mbuzi wa kufuga hutolewa hivyo: huyu hukata kamba, huyu hapatani na mwenzake mweusi.

Mwalimu aliita jambo hili ushamba. Alisema linachelewesha msafara, na lina harufu ya mambo ya kale. Wanawake wengine walinyamaza. Watoto wao walikuwa wazima, hawakuwa na la kusema.

Kalonda alikuwa na kifafa.

Hakikumjia mara nyingi, mara mbili kwa mwaka, pengine tatu. Mama alikuwa na majani ya kumfukiza na alijua kumlaza ubavu. Nyumbani tulikijua sisi wanne tu. Watu wetu huogopa povu la kifafa. Wangejua, hakuna mtoto ambaye angekula naye sahani moja, na fulari ya kijani ingevuliwa shingoni mwake siku hiyo hiyo. Kalonda aliipenda fulari ile kupita kiasi. Aliniapisha kwa kaburi la bibi kwamba sitasema, nami nikaapa.

Mama hakutaka aende. Baba akasema kidole kimeshawekwa, na kurudisha karatasi ya wazungu ni kutafuta maneno. Basi mama akasema vema, nitamtoa kwa mdomo, Mwalimu atajua, atamweka mbali na maji na mbali na moto. Alfajiri ile alivaa kitenge chake cha kanisani. Alitusindikiza mpaka mlango wa misheni, amemshika Kalonda mkono, na watoto wengine wakawa wanacheka kwamba mkubwa mzima anashikwa. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwalimu alikuwa anakagua mizigo.

"Mwalimu," mama akasema, na alisogea karibu kabisa, kama inavyotakiwa. "Simama kidogo. Nikupatie mutoto na mudomo."

"Mama, jua linapanda."

"Ni maneno kidogo tu. Huyu mutoto wangu iko na..."

"Baba yake ameisha kutia kidole," Mwalimu akasema. Alisema kwa adabu, hata alitabasamu. "Karatasi inatosha, mama."

Akapuliza filimbi mara tatu.

Moja! Mbili! Tatu! Namba zilipanda mstarini, na ilipofika zamu yake, Kalonda alijitoa mkononi mwa mama akapaza sauti kuliko wote, "Kumi na ine!" Nami nikasema yangu. Mama alitufuata mpaka kwenye tanuri za matofali. Nilimwona akifungua mdomo. Angeweza kupiga kelele, tungesikia wote, na wenzetu thelathini wangesikia pia. Akamtazama Kalonda na fulari yake, akaufunga. Mpaka alipokufa alisema kosa lake lilikuwa pale, kwenye tanuri za matofali, kwamba alichagua aibu ya mtoto kuliko mtoto. Mimi sikubali. Kosa halikuwa lake.

Siku ya pili tulipiga kambi kwenye kijito kinachomwaga maji Luama, mwendo wa siku moja kutoka misheni kwa mtu asiyepumzika njiani. Mwalimu alikagua juu, akakagua chini, akatumbukiza fimbo. Maji hayakufika alama ya kwanza. Baada ya chakula Kalonda alipewa sufuria kuosha, nami nikaenda naye kwa kuwa ni mwenzi wangu. Mwalimu alikuwa anafunga kamba kwenye miti kwa ajili ya mchezo wa mchana.

"Kumi na tano," akaniita. "Kuja ushike huku."

Sikuondoka. Nilisema, "Mwalimu, mwenzangu..."

"Ni mayi ya magoti," akasema. "Kuja."

Kalonda alinitazama. Macho yake yaliniambia ninyamaze, nami nilikuwa nimeapa, basi nikaenda kushika kamba. Nami nilikuwa na mdomo siku ile. Nalikumbuka hilo kila ninapomhukumu Mwalimu, na bado namhukumu.

Hakuna aliyesikia kitu. Mtoto mmoja aliona sufuria inaelea inaenda zake, akacheka, akasema Kalonda ataadhibiwa. Mwalimu aligeuka, akaitazama sufuria, akapuliza filimbi. Tulihesabu mpaka kumi na tatu, kisha kimya, kisha wote wakanitazama mimi. Mwalimu aliingia kwenye kijito na viatu vyake, bila fimbo, yeye aliyeogopa maji, akaanguka, akanyanyuka, akamvuta kaka yangu kutoka mahali ambapo maji yasingemfika mtu mzima katikati ya ugoko. Alimfinya kifua, akampulizia mdomoni, akamgeuza, akampulizia tena, akalia, akaendelea. Wakubwa wetu ndio waliomwondoa.

Aliyaona meno ya Kalonda yalivyoumana. Aliniuliza, "Alikuwa na nini?"

Nikamwambia.

"Kwa nini hamukusema?"

"Mama alikuwa anasema," nikamjibu. "We ukapiga filimbi."

Alichukua ile kamba ya kuvukia, akamfunga kaka yangu mgongoni kwake kama mama anavyofunga mtoto, akatembea mpaka nyumbani. Vijana wakubwa walitaka kumpokea. Hakukubali. Alitembea amepinda mbele yetu, na alipumzika kwa kusimama tu, hakuketi hata mara moja. Njia nzima nilitembea nyuma yake nikiitazama miguu ya Kalonda ikiyumba, safi, isiyo na funza hata mmoja. Kama Mwalimu angekufa siku ile njiani, ningemlilia mpaka leo.

Lakini hakufa. Alifika kwenye baraza.

Bwana wa serikali alikuja na kalani wake kuuliza. Wanaume waliingia chumbani, wanawake wakaachwa majanini nje ya dirisha, mama akiwa katikati, kichwa kimenyolewa. Mimi nilikuwa ndani kwa sababu nilikuwa shahidi, ingawa hawakuniuliza ila jina na namba. Mwalimu akatoa karatasi. Ilikuwa imekunjwa vizuri, haikulowa. Aliiweka wapi muda wote ule, mgongoni ana maiti? Kalani akamwonyesha baba.

"Hii ni kidole ya nani?"

Baba aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. "Iko kidole yangu," akasema.

Bwana wa serikali akamgeukia Mwalimu. Kulikuwa na mtu yeyote aliyempa habari ya ugonjwa wa mtoto?

Ninajua alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilimwona akinitazama, na nilimwona akitazama dirishani, ambako mama alikuwa amesimama. Fimbo za zamani zilimrudia mgongoni, nadhani. Akasema, "Haikuandikwa, Bwana."

Haikuandikwa. Alikuwa hajasema uongo hata chembe. Kalani akaandika, Bwana akatia sahihi, na jambo likaisha kabla ya jua la utosi. Mlangoni mama alimsimamia njiani.

"Mi nilifungua mudomo, we ukapiga filimbi," akamwambia. "Sema mbele yao. Kalonda hatarudi. Sema tu."

"Mama," Mwalimu akasema, "haikuandikwa."

Mama alidai kitu kimoja tu katika miaka yote iliyofuata: hakutaka jela, wala mbuzi wa kutuliza. Alitaka mtu yule aseme kwamba yeye alifungua mdomo kumwambia. Mwalimu hakusema. Kila mwaka Siku ya Wafu tulikuta kaburi la Kalonda limeshapaliliwa na kufagiliwa kabla hatujafika, na tulijua ni nani. Mama alikuwa akiokota yale majani makavu kwenye lundo, akayarudisha juu ya kaburi moja moja. "Takataka hii ni yangu," alisema. Kisha akafagia mwenyewe.

Mwalimu aliendelea na matembezi. Alibadilisha mambo mawili. Fimbo yake ikapata alama ya nne, chini ya goti, kwenye kifundo cha mguu. Na karatasi ikapata mstari mpya: mzazi anathibitisha kwamba mtoto wake ni mzima, hana ugonjwa wowote. Wanaume wakautilia kidole siku ya pamba, wino huo huo, foleni hiyo hiyo. Mtu anaweza kujifunza na asijifunze kwa tendo moja. Mama alikufa kabla ya baba, na hakuna aliyemwambia alichotaka kusikia.

Nimekuwa moniteri mimi pia, katika shule ile ile. Kwa miaka mingi nilikataa matembezi. Padri wa sasa, kijana, alinilazimisha mwaka huu, mwaka ambao watu wa Kasongo wameanza kusema neno uhuru bila kuangalia nyuma. Nikakubali kwa sharti moja: karatasi nitazichukua kama anavyotaka, lakini kabla ya safari kila mtoto aletwe na mama yake, na mama aseme. Padri alidhani nitamaliza kwa nusu saa. Asubuhi ilikwisha mama wa kumi na sita akiwa bado yuko mbele yangu. Huyu hawezi karanga, midomo inamvimba. Nimesikia. Huyu analia akiitwa jina la marehemu baba yake, mumuite la ubatizo. Nimesikia. Huyu mguu mmoja mufupi, ataficha, umutazame. Nimesikia, mama. Niliwapa sikio, nikarudia neno kwa neno, na waliniambia mambo ambayo hayajawahi kuandikwa popote.

Mwisho wa mstari alisimama mzee mwenye kofia mkononi, na mtoto wa miaka kumi hivi. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Nilisikia kwamba amestaafu, kwamba binti yake amefariki kwa kujifungua na yeye ndiye anayelea mjukuu. Viatu vyake vilikuwa vile vile vya ngozi, vimeshonwa kwa waya. Alikuwa amengoja juani tangu asubuhi, na mstari mzima alikuwa ananisikia nikisema nimesikia, nimesikia.

Nilimsogezea karatasi. Hakuishika. Alimshika mjukuu mkono, akasogea karibu kabisa, kama inavyotakiwa.

"Mwanangu," akasema. "Nikupatie mutoto na mudomo. Huyu iko na..."

Kumbe inawezekana mtu kuwa na neno mdomoni kwa miaka yote hiyo asijue. Halikunitoka kwa hasira. Lilitoka kwa adabu, na nadhani nilitabasamu.

"Karatasi inatosha, Mwalimu."

Alinitazama. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Nilingoja. Sikiliza, nilisema moyoni, sasa sema lile lingine, lile la mama yangu, sema tu, nami nitakupa sikio mpaka jioni. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa mwandiko ule ule mzuri aliotufundisha sote, herufi zimesimama wima, na akaweka nukta. Akauachia mkono wa mtoto hewani, haukuingia kwenye mkono wowote. Akavaa kofia, akaondoka polepole kuelekea tanuri za matofali.

Mtoto alisimama mbele yangu, fulari imefungwa vibaya shingoni. Nikapiga magoti, nikaifungua, nikaifunga upya.

"Babu yako alitaka kusema nini?"

Alikuwa na aibu, akatazama wenzake. Nikamwekea sikio.

"Nyuki," akanong'ona. "Nikiumwa na nyuki moja tu, koo inafunga."

"Ukiumwa na nyuki mmoja tu, koo linafunga," nikasema. Nikarudia mara ya pili, kwa sauti. "Nimesikia."

Mwalimu alikuwa bado hajafika kwenye tanuri. Ningeita angegeuka. Nilishika mkono wa mjukuu wake, na sikumwita.